Somo: Kutengeneza loki ya mlango wa gari la zamani kabla hujanunua mpya

Mlango wa gari ukianza kukataa kushika, wengi wetu tunaubamiza. Leo unashika kwa mara ya pili, wiki ijayo kwa mara ya nne, halafu siku moja unafunguka wenyewe mkiwa kwenye kona. Kwa gari la miaka ishirini na kitu, mara nyingi loki yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni grisi yake: imekauka, imenasa vumbi, imegeuka gundi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: safisha kwanza, habari ya kununua ije baadaye.

Fungua mlango utazame ubavuni. Utaona ulimi wa chuma unaozunguka, wenye mfano wa uma wa meno mawili. Kwenye nguzo ya bodi kuna pete ya chuma yenye umbo la U. Mlango ukifungwa, pete inausukuma ulimi uzunguke, na kijino kilichojificha ndani kinarukia kuuzuia usirudi. Ulimi una vituo viwili, ndiyo maana unasikia "ta" mbili. Ya kwanza mlango umeshika nusu, ya pili ndiyo umefunga sawasawa. Ukivuta kishikio, ufito mwembamba wa chuma (kwenye magari mengine ni waya kama wa breki za baiskeli) unakivuta kijino, ulimi unaachia.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa skrubu

Mlango ukiwa wazi, chukua bisibisi bapa usukume ulimi kuelekea upande ambao pete ingeusukuma. Usikie ta, ta. Sasa vuta kishikio cha nje: ulimi uruke kurudi, tena kwa nguvu. Rudia kwa kishikio cha ndani.

Usiposikia ta, au ulimi ukirudi polepole kama umelala, kijino kimeganda au springi imekatika. Kishikio cha ndani kikiachia na cha nje kisiachie, loki haina kosa. Ufito wa nje umechomoka, au klipu yake ya plastiki imevunjika. Na kila kitu kikienda vizuri kwa bisibisi lakini mlango haushiki ukiufunga, mlango umeshuka au pete imehama. Unyanyue mlango kwa chini, kwenye ukingo wake. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelika, na hapo loki mpya haitakusaidia lolote.

ONYO: ukimaliza kupima, vuta kishikio ulimi ufunguke ndipo ufunge mlango. Mara yangu ya kwanza nilipigiwa simu katikati ya kazi, nikasahau, nikafunga mlango ulimi ukiwa umeshajifunga. Chuma kwa chuma. Mlango ulirudi na kunigonga goti, rangi ya nguzo ikatoka kipande kama ukucha, na pete ikapinda. Kazi ya nusu saa ikala siku nzima.

Hatua ya 2: Osha loki ikiwa mahali pake

Usiruke hatua hii kwa kuona ni ndogo, kwa sababu magari mengi yanapona hapa hapa. Funika rangi na zulia kwa kitambaa. Nyunyiza dawa ya kusafishia breki ndani ya loki kupitia tundu la ulimi, kidogo kidogo, kwa kuwa ikitiririka kwenye rangi inaweza kuiharibu. Kisha cheza na ulimi: funga kwa bisibisi, achia kwa kishikio, funga, achia, mara thelathini. Utaona uji mweusi ukishuka. Futa, nyunyiza tena, mpaka kinachotoka kiwe safi. Acha pakauke ndipo utie grisi nyeupe ya lithiamu ya kupuliza.

Ta ikirudi kuwa kali, kazi imekwisha.

Hatua ya 3: Toa paneli ya ndani

Pandisha kioo hadi juu. Kama gari lina mfuko wa hewa au waya wa umeme mlangoni, chomoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kumi. Skrubu huwa zimejificha ndani ya kikombe cha kishikio, chini ya egemeo la mkono na nyuma ya vifuniko vidogo. Kama kioo chako ni cha kuzungusha, pitisha kitambaa nyuma ya mkono wake ukivute huku na huku kama unang'arisha kiatu. Klipu yake itaruka, kwa hiyo angalia inaangukia wapi. Klipu za pembeni zing'oe kwa kubenua karibu kabisa na kila moja. Plastiki ya zamani haitaki haraka.

Karatasi ya nailoni iliyobandikwa ndani ibandue taratibu bila kuichana. Ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari.

Hatua ya 4: Toa loki

Piga picha ya fito zote kwanza. Halafu legeza zile skrubu tatu za ubavuni mwa mlango, KABLA hujachomoa fito. Zimekazwa kweli na mara nyingi zimetiwa gundi. Bisibisi isiyoenea itazila vichwa, na kichwa kikishaliwa ni kazi ya drili. Weka bisibisi inayokaa bila kucheza, igonge kitako kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo uzungushe huku umeisukuma kwa uzito wa mwili.

Klipu za fito hazivutwi. Izungushe klipu iuachie ufito, kisha uchomoe. Loki itatokea kwenye tundu kubwa la mlango. Ikigoma, legeza reli ya kioo.

Hatua ya 5: Kagua, rudisha, jaribu

Loweka loki kwenye mafuta ya taa, isugue kwa mswaki wa zamani, ikaushe. Kama ina mota ya umeme, itoe kwanza. Kijino kikiwa kimeviringika ncha, au springi imekatika, hapo sasa nunua. Kikiwa kizima, paka grisi, rudisha, na ufanye majaribio yote ya hatua ya 1 kabla ya kufunga paneli.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, wangu umekwama ukiwa umefungwa, hauachii ndani wala nje. Skrubu za ubavuni nitazifikiaje?

Jibu: Huzifikii, ndiyo maana huo ni mtihani. Kwanza msaidizi aukandamize mlango kwa goti kutoka nje huku wewe unavuta kishikio cha ndani. Mzigo ukipungua kwenye kijino, mara nyingi kinaachia. Ukishindwa, sukuma kiti nyuma kabisa na utoe paneli mlango ukiwa umefungwa, hata ikibidi ipasuke kona. Kisha sukuma kwa bisibisi ndefu kile kimkono cha kwenye loki kinachovutwa na ufito.

Swali: Mlango wa nyuma unafunguka kwa nje tu. Nimeshaosha, wapi.

Jibu: Ndugu, tazama ubavuni karibu na ulimi. Kuna kitufe kidogo cha kuzuia watoto wasifungue. Kirudishe. Usione haya, nimewahi kuletewa loki mpya kwa tatizo hilohilo.

Swali: Oili chafu ya injini haifai badala ya grisi?

Jibu: Haifai. Inachuruzika, inakusanya vumbi, na miezi michache baadaye umerudi ulipotoka. Na pale pa kuingizia ufunguo usitie grisi, tia unga wa grafiti.

Swali: Fundi, mlango unafunga ila unagonga barabara ikiwa mbaya. Nisogeze pete?

Jibu: Kwanza angalia kama pete ilikuwa na kifuniko cha plastiki ambacho kimekwisha, hicho peke yake kinatosha kugonga. Kama kipo kizima, chora mstari wa penseli kuizunguka pete, legeza skrubu kidogo tu isogee kwa kugongwa, isukume ndani milimita moja, kaza, jaribu. Ukitoa skrubu zote, kwenye magari mengine bamba la nyuma linaanguka ndani ya nguzo, na utalivua kwa sumaku hadi jioni.