Timbo la zamani mtaani kwenu: liwekeni salama bila kulifukia

Wakuu, hapa Mombasa kuanzia Nyali kupanda mpaka Mtwapa, na ukivuka Likoni vilevile, matimbo yaliyoachwa, yaani mashimo ya kuchimba mawe ya kujengea, yako kibao, manake pwani yetu imejengwa kwa huu mwamba wa matumbawe tangu enzi, hata handaki la Fort Jesus limechongwa ndani ya mwamba huohuo, na ile ngome ilianza kujengwa 1593. Sasa watu wakiona timbo wazo la kwanza ni moja tu, tumwage taka lijae tusahau. Hapana jamani.

Huu mwamba una vitundu vitundu, maji hayakai juu, yanashuka chini haraka bila kuchujwa vizuri. Pampasi, betri, oili chafu ya gereji, vyote mkimwaga pale mjue mnavimwagia visima vyenu wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza hata kabla ya seng'enge ni kufunga njia ya mikokoteni na malori ya taka. Mawe mawili makubwa kwenye barabara ya kuingilia yanatosha.

Halafu ukingo. Ukague wakati wa kaskazi nyasi zikiwa zimekauka, muwe wawili na msisimame mdomoni kabisa. Mnatafuta ufa unaokwenda sambamba na ukingo, huo ndo hatari, manake kipande chote kinaweza kung'oka na aliye juu yake. Kuna kitu rahisi hakina gharama: koroga chokaa kidogo, paka kiraka cha upana wa kiganja juu ya ufa, andika tarehe kwa msumari kabla hakijakauka. Masika yakipita rudi uangalie, kiraka kikiwa kimepasuka basi mwamba unatembea na hapo mwite fundi wa mawe anayejua, usichukue mtaimbo ukaanza kuangusha mwenyewe. Pia angalia kwa chini, wachongaji wa zamani wakipata jiwe zuri walikuwa wanaingia nalo ndani kwa ndani, juu kunabaki kama paa. Watoto wasicheze pale, mbuzi wasilale pale.

Uzio mrudishe nyuma mita kadhaa kutoka ukingoni, na nyuma ya ufa kama upo. Nguzo za chuma upepo wa bahari unazila, na zisipoliwa na kutu zitaliwa na wale wa vyuma chakavu, mnawajua. Bora mkonge, panda mistari miwili kwa kupishana, ukikomaa hata ng'ombe hapiti.

Timbo likiwa na maji, upande mmoja lazima uwe na mteremko wa mtu kutoka. Hata anayejua kuogelea anaweza kuzama, ukuta ukiwa umesimama wima na hana pa kushika. Funga jerikeni tupu la lita 20, kifuniko kikazwe, kwa kamba ndefu kwenye mti, ndo boya lenu. Na kwa mbu tia perege, wanakula viluwiluwi na baadaye mnakula wao.

Sasa ile sura ya ukuta yenye alama za tindo na mashoka, iacheni wazi. Hiyo ndo historia yenyewe, ukipiga plasta umeiua. Kama kuna tanuu la chokaa la zamani au kiukuta kimebomoka, ziba kwa chokaa na mchanga wa mto, sio wa baharini wenye chumvi, na sio simiti tafadhali. Simiti ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, inafungia unyevu na chumvi ndani, baada ya muda jiwe linamumunyuka simiti ndo inabaki imesimama peke yake.

Kwenye miti hatuna haja ya kubuni, Bamburi wameshatuonyesha. René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kiwanda cha simiti cha Bamburi, alianza 1971 kwenye timbo la kiwanda hicho ambalo lilikuwa jangwa jeupe, akajaribu aina 26 za miti na iliyoshika ni michache tu, mvinje ukiwa mbele. Mvinje unavumilia chumvi na unajitengenezea mbolea mizizini, shida majani yake hayaozi upesi, yanarundikana tu. Waliomaliza kazi ni jongoo! Wakaletwa kwa mamia, wakala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, ndo miti mingine ikapata pa kuota. Leo ni hifadhi ya Haller Park. Kwa hiyo pandeni mivinje masika yakianza, na mkikuta jongoo msiwapondeponde.

Pango likiwa na popo usijenge ukuta mdomoni. Weka nondo za kulala, nafasi kama sentimita 15 kati ya nondo na nondo, popo anapita, mtu hapiti.

Haya yote ni ya matimbo ya mawe. Palipochimbwa madini ya risasi, kama Kinangoni kule Kilifi, usichukue udongo wala usipande mboga. Na kabla hujagusa chochote kinachoonekana cha kale, pitia ofisi ya makumbusho pale Fort Jesus, na kama mtaingiza mashine waulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwanza, manake mkisimamishwa katikati ya kazi shimo linabaki baya kuliko mlivyolikuta.