Rejesho la nyumba limekushinda? Namna ya kuomba unafuu benki, na la kumjibu jirani anayeuliza "na sisi tunaolipa je?"

Kama umeshaona kabisa rejesho la mwezi ujao halitoki, usizime simu. Afisa mikopo akipiga hupokei, akipiga tena hupokei, kwenye faili lako anaandika "hapatikani", na hilo neno ndo wakubwa zake watakalolisoma siku unaomba kupunguziwa. Pokea, mwambie hali ilivyo, mwambie unakuja na barua. Kazi yenyewe inaanzia hapo.

Naandika zaidi kwa watu wa huku kwetu Mwanza, Buswelu, Kiseke, Nyamhongolo, Buhongwa mpaka Kisesa, maana huku nyumba mpya ni nyingi na madeni nayo ni mengi, na kila akisikika mtu kapunguziwa rejesho basi kijiweni ni mjadala wa wiki nzima, wengine wanasema kahonga, wengine wanasema ni uonevu kwa wanaojibana. Huo mjadala nitaufikia, ila kwanza tuweke karatasi mezani.

Toa mkataba kabatini uusome. Wengi wetu tunasema "nina mkopo wa nyumba" kumbe ni mkopo wa biashara, nyumba imewekwa dhamana tu. Kwenye kuuzwa haikusaidii kitu, yote ni rehani. Kwenye unafuu ndo kuna tofauti, mkopo wa nyumba ni wa miaka mingi kwa hiyo una nafasi ya kupangwa upya, wa biashara wa miaka miwili watakubana. Angalia riba ni ngapi na kama inabadilika, penati ya kuchelewa ikoje, na kama kuna bima ndani yake, maana kuna mikataba bima yake inagusa ulemavu au hata kupunguzwa kazi na mtu anahangaika mwaka mzima hajui kwamba hiyo bima kailipia mwenyewe.

Halafu hesabu siku. Mkopo ukikaa siku 90 haujalipwa unaingia kwenye mikopo chechefu, yaani mikopo ambayo kulipwa kwake kuna mashaka, benki inalazimika kutenga hela ya hasara kwa ajili yako, na jina lako kwenye taarifa za wakopaji linachafuka, hata benki nyingine ukienda wanaliona. Kwa hiyo wa siku 20 anaongea na afisa kama mteja, wa siku 120 anaongea na kitengo cha kukusanya madeni, na kule lugha ni nyingine.

Na tafadhali, usiende kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kulipia rejesho la benki. Hiyo sitaki hata kuieleza sana. Mtu ana deni la riba ya mwaka analizima kwa deni la riba ya wiki!

Kitu kingine, mwambie mwenzio. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mke au mume, kwa hiyo kama alisaini, na yeye yumo, na kama hakusaini hilo ni jambo la kumwonesha wakili mapema. Kujua kwa karatasi ya dalali iliyobandikwa getini ni kubaya kuliko deni lenyewe.

Sasa hesabu, na hapa ndo watu wengi wanapoumizwa huku wanashukuru. Chukua mkopo wa milioni 40, riba asilimia 17 kwa mwaka kwenye salio linalopungua (riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu), miaka 15. Rejesho ni kama 615,600 kwa mwezi. Umelipa miaka mitatu bila kukosa, umeshatoa zaidi ya milioni 22, ukiomba stetimenti unakuta salio ni milioni 37.7. Usigombane na kaunta, hawajakuibia, miaka ya mwanzo hela karibu yote inamezwa na riba. Ila shika hiyo namba ndo tuangalie unafuu wanaokupa.

Wakikwambia "pumzika miezi sita", uliza palepale: riba ya hiyo miezi inaenda wapi? Mara nyingi inaongezwa kwenye deni. Hiyo milioni 37.7 baada ya miezi sita inakuwa kama milioni 41, na kama tarehe ya kumaliza haijasogea rejesho jipya linafika karibu 679,000. Umepumzika, umerudi na mzigo mkubwa kuliko uliokushinda. Inafaa kwa mtu ambaye ana uhakika hela inakuja, mfano unasubiri mafao au kazi mpya umeshasaini, sio kwa mtu anayesema Mungu atajalia.

Wakikwambia "lipa riba tupu kwa sasa", riba tupu ya mwezi ni kama 534,000. Umeokoa elfu 81 tu.

Wakikwambia "tunakuongezea muda", kutoka miaka 12 iliyobaki mpaka 20, rejesho linashuka mpaka kama 553,000, yaani elfu 62 kwa mwezi, na kwa jumla utakuwa umelipa milioni 44 zaidi. Rudia kuisoma hiyo. Milioni 44 kwa ajili ya elfu 62.

Ila riba ikishuka kutoka 17 mpaka 14, muda uleule wa miaka 12, rejesho linakuwa kama 542,000, na jumla unayolipa inapungua kwa zaidi ya milioni 10. Ndo maana nasema omba riba kwanza. Afisa hatakutajia hiyo mwanzoni, atakutajia muda, kwa sababu muda ni biashara kwao. Na kufutiwa penati zilizolimbikizana ni ombi la kawaida kabisa, usione aibu.

Kama wewe ni wa ziwani kuna ombi lingine ambalo watu wa mshahara hawalihitaji. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na Mwaloni pale Kirumba mzigo unapungua. Sasa mwezi wa angani ni siku 29 na kidogo, kalenda ya benki ni 30 au 31, kwa hiyo tarehe 5 ya rejesho safari moja inakukuta umetoka kuuza magunia, baada ya miezi kadhaa inakukuta mbalamwezi katikati huna hata ya nauli. Mama wa dagaa anaonekana mlipaji mbovu kumbe kwa mwaka hela yake inatosha. Omba rejesho ligawanywe mara mbili kwa mwezi au lipangwe kwa robo mwaka, peleka daftari lako la mauzo na miamala ya simu ya mwaka mzima uwaoneshe jinsi hela inavyopanda na kushuka. Bila daftari ni maneno tu.

Barua isiwe ndefu, na yale mambo ya "naomba mnihurumie mimi ni yatima" yaache. Andika hivi:

"Naomba mkopo wangu namba … upangwe upya kuanzia rejesho la mwezi … Kipato changu kimeshuka kutoka … hadi … kwa sababu … (vielelezo nimeambatisha). Kwa sasa naweza kulipa … kila mwezi, na leo nimeweka … kuonesha nia. Naomba kwanza riba ishuke, pili penati zifutwe, na kama bado haitoshi ndipo muda uongezwe. Naomba majibu kwa maandishi pamoja na ratiba mpya ya marejesho inayoonesha jumla nitakayolipa."

Hayo maneno ya mwisho, "jumla nitakayolipa", ndo yenye nguvu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe ubaki nayo. Usicheke muhuri. Marekani mwaka 2009 serikali ya Obama ilianzisha mpango wa kuwapunguzia marejesho wenye nyumba waliokwama, rejesho lishushwe mpaka asilimia 31 ya kipato cha mwezi, na mpangilio wao ulikuwa uleule ninaokwambia, riba kwanza, inaweza kushuka hadi asilimia 2, ndipo muda hadi miaka 40, ndipo sehemu ya deni kuwekwa pembeni. Walitaka kufikia familia milioni 3 mpaka 4, hawakufika, na moja ya malalamiko makubwa yalikuwa watu kuambiwa karatasi zao hazionekani, watume tena, na tena.

Na ni hukohuko mjadala wetu wa kijiweni ulikolipuka kwa sauti kubwa. Februari 2009 mtangazaji wa habari za biashara, Rick Santelli, alisimama kwenye soko la Chicago, laivu, akawauliza waliokuwepo nani yuko tayari kulipia mkopo wa jirani yake. Wakazomea. Ukimsikiliza jirani yako wa Kiseke anayekula mlo mmoja ili rejesho litoke, ni maneno yaleyale, na mi simwoni mbaya. Ana hoja. Mtu kachukua mkopo wa nyumba, nusu imeingia kwenye gari, leo apunguziwe, na yule anayepanda daladala ili alipe asipunguziwe?

Lakini rudi kwenye namba. Aliyepumzishwa miezi sita au kuongezewa muda atalipa zaidi yako, sio pungufu, huyo wa kumwonea wivu simjui. Aliyeshushiwa riba ndo kapata kweli, na hapo swali la haki ni halali, ila benki ikiuza nyumba kwa mnada bei inakuwa ya kutupa, gharama za dalali na mawakili juu, na nyumba za mtaa mzima zinaanza kupimwa kwa bei ile. Mi naona kinachovunja haki ni siri, yaani mmoja kupata kwa sababu anamjua meneja na mwenzake mwenye shida ileile akaambiwa sera hairuhusu. Mei 2020 wakati wa korona Benki Kuu ya Tanzania ilipozilegezea benki ili zipange upya mikopo, ilisema ifanyike kwa kuangalia kila mkopaji na hali yake, kwa uwazi na bila upendeleo. Ukikataliwa uliza kwa barua vigezo ni vipi.

Ukikataliwa moja kwa moja, au hujibiwi, peleka malalamiko rasmi benki kwanza, halafu Benki Kuu, wana dawati la malalamiko na Mwanza wana tawi. Fahamu pia kwamba nyumba haiuzwi kwa simu ya vitisho. Sheria inataka notisi ya maandishi inayosema umekosea nini, na siku 60 toka uipokee ndipo wanaweza kuuza. Mnada nao unatakiwa utangazwe angalau siku 14 kabla. Na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri inayowezekana, ikiuzwa chini ya bei za nyumba kama yako kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Kwa hiyo piga picha nyumba, tafuta mthamini, kusanya bei za jirani, na ukienda Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani nenda kabla ya nyundo ya mnada, kwa sababu mnunuzi akishanunua kihalali kumtoa ni shughuli, unaweza kuishia na fidia badala ya nyumba. Kilichobaki baada ya deni na gharama ni chako, kidai. Huna hela ya wakili, msaada wa kisheria wa bure upo, kuna sheria yake ya 2017, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri.

Nyumba unaweza kuiuza mwenyewe pia, kwa ruhusa ya benki, kabla ya dalali. Inauma, ila bei unapanga wewe.

Na wewe jirani unayelipa kila mwezi bila kukosa, nawe andika barua. Riba za mikopo ya nyumba hapa nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19, kama uko huko juu na stetimenti yako ni safi, nenda benki nyingine uulize wananunua deni (yaani walilipe lako, wewe uhamie kwao) kwa asilimia ngapi, pata ofa kwa maandishi, jumlisha na gharama za kuhamisha rehani, kisha ipeleke kwa afisa wako umuulize wao wanakupa ngapi.