Unataka kubadili kozi? Fanya haya kabla hujajaza fomu

Matokeo ya semesta yakitoka tu, wanafunzi huanza kuja ofisini kwangu hapa Tanga, na wengi husema jambo moja: "Mwalimu, hii kozi siyo yangu." Nafanya kazi ya ushauri wa wanafunzi, na siwahi kuyachukulia maneno hayo kama utoto. Wapo waliopangiwa kozi wasiyoiomba. Wapo waliochaguliwa kozi na mjomba. Lakini wengi wanaofika hawahitaji kuhama, na wanaohitaji kweli hufika muda wa kuhama umeshapita. Nawaandikia wote.

1. Usiamue wiki ya matokeo

Tulia kwanza. Kisha chukua karatasi ya matokeo uisome somo kwa somo, bila kuangalia GPA. Sapu moja (mtihani wa kurudia) ya takwimu si kozi nzima. Weka alama kwenye masomo uliyoyasoma kwa hamu, hata kama ulipata C.

Ukimaliza, fungua prospektasi (kitabu cha kozi za chuo) usome masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza una masomo mengi ya jumla: stadi za mawasiliano, stadi za maendeleo, kompyuta. Kama kinachokuchosha kinaishia hapo, vumilia. Kama ndicho kinachozidi kadiri unavyopanda, basi una hoja ya msingi.

Jiulize pia kama tatizo ni kozi kweli. Bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) likichelewa, chumba kikiwa mbali huko Pongwe, au mama akiwa mgonjwa nyumbani, kila somo huonekana baya. Kuhama kozi hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo.

2. Uliza: kazi ninayoitaka ina leseni?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote, na karibu hakuna anayekuja akiwa amejiuliza.

Kuna kazi ambazo huwezi kuzifanya bila kusajiliwa na bodi au baraza, na usajili unadai uwe umesomea fani hiyohiyo. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika baada ya miaka 5 ya shahada na mwaka 1 wa intanshipu. Mhandisi anakwenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Muuguzi na mfamasia nao wana mabaraza yao. Ukitaka mojawapo ya hizi na uko kwenye kozi nyingine, hakuna njia ya mkato: hama, na uhame mapema.

Kazi nyingine hazina lango la namna hiyo. Uandishi wa matangazo, masoko, usimamizi wa miradi, kutengeneza programu za simu, biashara yako mwenyewe: huko mwajiri anatazama unachoweza kufanya. Hata uhasibu una mlango wa pembeni, kwa kuwa mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuanzia ngazi za chini za mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Kwa mtu wa kundi hili, mara nyingi ushauri wangu ni amalize shahada aliyonayo, ajifunze ujuzi mpya pembeni, kisha asome stashahada ya uzamili. Anaokoa miaka.

3. Nenda ukaione kazi yenyewe

Tanga ni mji mdogo, hilo ni faida yako. Bandari ipo, Hospitali ya Bombo ipo, shule na ofisi za halmashauri zipo. Omba kwa adabu ukae na mtu wa kazi unayoitamani, umuulize: "Kaka, jana tangu ulipoingia asubuhi ulifanya nini na nini?" Usimuulize kama anaipenda kazi yake; atakujibu kwa heshima tu. Siku yake ya jana itakueleza zaidi.

Nawaomba sana wafikiri mara mbili vijana wanaotaka kuhamia mambo ya mafuta kwa sababu ya bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443. Mradi wa namna hiyo huajiri maelfu wakati wa ujenzi, na wanaobaki kuuendesha ni wachache. Shahada ya uhandisi ni miaka 4. Ukipenda uhandisi, soma uhandisi, ila usichague shahada kwa kufuata mradi mmoja.

4. Piga hesabu kwa kalamu

Shahada ya miaka 3 ina angalau krediti 360 (vipimo vya uzito wa masomo), yaani 120 kwa mwaka. Tuchukulie umeshamaliza krediti 180, na kozi mpya inakubali 40 tu kati ya hizo. Zinabaki 320, karibu miaka mitatu mingine. Zidisha kwa ada, kodi ya chumba na chakula. Andika jumla kwa shilingi na uitazame.

Krediti zitakazokubaliwa usizikisie. Muulize mkuu wa idara unakotaka kwenda, akupe jibu kwa maandishi.

5. Sifa, muda, mkopo

Kuingia shahada kwa kidato cha sita kunahitaji angalau pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi 4, na kozi nyingi zinataja masomo maalumu. Mwenye HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi kuhamia famasia, hata akiandika barua nzuri kiasi gani. Tarehe za kuhama ziko kwenye almanaka ya chuo, na kwa kawaida huwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo.

Kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo, mwone afisa mikopo wa chuo kabla ya kujaza chochote. Muulize mkopo utahama nawe au la, na miaka itakayoongezeka nani atailipia.

6. Mwambie mzazi ukiwa na karatasi mkononi

Usimwambie kwa ujumbe wa simu. Nenda nyumbani, msalimie, mwache apumzike kwanza kama ametoka sokoni Mgandini tangu alfajiri. Kisha: "Mama, nina jambo la masomo, naomba unisikilize mpaka mwisho." Mwonyeshe matokeo, hesabu na jibu la idara. Mzazi anayekataa mara nyingi anaogopa hela yake imepotea. Mwonyeshe kiasi gani kimepotea na kiasi gani hakijapotea. Akitaka siku mbili za kufikiri, mpe. Ukiona mambo magumu, mtafute shangazi au mtu mzima anayemsikiliza.

7. Fomu

Ijaze, ipate saini za idara zote mbili, na ubaki na nakala. Endelea kuhudhuria vipindi vya kozi ya zamani mpaka barua ya kukubaliwa itoke, maana ombi likikataliwa utahitaji alama za majaribio. Barua ikitoka, hakikisha jina lako limehamia kwenye mfumo wa usajili wa kozi mpya ndipo uombe namba mpya ya malipo ya ada.