Kutungia muziki kikundi cha watoto chenye ala za kubadilika-badilika

Jumamosi hii kikundi kina tarumbeta mbili, rekoda tatu (filimbi za kupuliza), gitaa na ngoma. Jumamosi ijayo mpiga tarumbeta mmoja yuko shambani anavuna viazi, na amekuja mtoto mwenye saksafoni ya alto. Wimbo uliotungwa kwa ala maalumu utakwama hapo. Dawa yake wanakwaya wa Mbeya na Iringa wanayo tayari mikononi: tunga kwa sauti nne, ya kwanza ikiwa ya wimbo wenyewe na ya nne ikiwa besi, uandike kwa solfa (do, re, mi), na kila ala ipewe sauti inayoweza kuifikia.

Ufunguo, yaani nota inayokuwa do, unaofaa zaidi mchanganyiko huu ni F. Sauti ni ileile, ila ala nyingine huiita kwa jina tofauti. Rekoda na kinanda wanahesabu do kuwa F. Tarumbeta ya B-flati inahesabu do kuwa G. Saksafoni ya alto, do ni D. Mpiga gitaa afunge kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye mstari wa tatu wa shingo, kisha apige kana kwamba yuko kwenye D. Karatasi ya solfa inabaki moja kwa wote.

Sauti ya kwanza itumie do, re, mi, so na la tu. Kuacha fa kuna sababu: kwenye ufunguo huu fa ni B-flati, na vidole vya rekoda hapo huwasumbua sana wanaoanza. Mfano wa vipimo viwili, yaani mafungu mawili ya mapigo manne manne: so la so mi, re re do (do hiyo ya mwisho mapigo mawili). Chini yake sauti ya nne: do do, so do, kila moja mapigo mawili.

Sauti ya tatu ndiyo huharibu nyimbo nyingi. Tuseme kwenye kipimo cha kwanza umeipa so, chini kidogo ya do ya tarumbeta. Ala ya besi ikiwepo kupiga sauti ya nne, inapendeza. Lakini siku hakuna ala ya besi, sauti ya nne inapigwa na rekoda juu kabisa, na so ya sauti ya tatu inabaki chini ya wote. Wimbo unaning'inia, unasikika kama haujafika nyumbani, na watoto watadhani wamekosea wao. Badili hiyo so iwe mi au do, kisha wimbo utasimama hata ala zikipandiana.

Midomo ya mtoto kwenye tarumbeta huchoka haraka. Baada ya vipimo 8 mpumzishe vipimo 4, na hapo sauti ya pili ichukue wimbo. Nayo ina haki ya kusikika, kwa sababu mtoto anayepiga "mi mi mi" mwaka mzima ataacha muziki. Vipimo 48 kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika ni dakika 2 kamili, na zinatosha.

Ngoma usiiandikie nota nyingi. Mpe mpigaji mdundo mmoja wa vipimo viwili anaoujua kutoka ngoma za kwao, uonyeshe tu pa kunyamaza. Tukuyu, ambako mvua haikauki, ngozi hulegea. Ipashwe jua au moto kabla ya kuanza.

Kipupwe cha Juni na Julai nacho kina lake. Tarumbeta ya baridi hutoa sauti ya chini kuliko kinanda, kisha inapanda ikipata joto la pumzi. Wapulizaji wapulize dakika 5 hadi 10 kwanza, ndipo mlinganishe sauti. Mkilinganisha mapema, katikati ya wimbo tarumbeta itakuwa imepita juu.

Kabla ya kutoa nakala, jaribu wimbo kwa sauti ya kwanza na ya nne tu. Halafu ya kwanza na ya tatu. Halafu zote bila ya kwanza. Mahali unapoyumba, weka alama ya penseli na urekebishe nota hiyo moja. Mara nyingi utakuta ni sauti ya tatu.