Kuhamisha odio za darsa kwenda kwenye redio ya memori kadi, kitochi na CD ya gari

Mama yangu mdogo yuko Pangani, simu yake kitochi, na darsa za ustadhi wake siku hizi zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp, sasa mimi ndo nazidaunlodi huku mjini namuwekea kwenye memori kadi naituma kwa basi. Mara ya kwanza nilikopi faili kama 40 hivi fasta fasta nikajua nimemaliza, kesho yake ananipigia, mwanangu hii redio mbona imenyamaza tu? Redio nzima, kadi nzima, tatizo faili.

Zile voisi za WhatsApp ni faili za opus, na redio nyingi za bei poa pamoja na vitochi zinachojua ni MP3, basi. M4A za rekoda ya simu nazo usiziamini. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla hujagusa kadi.

Kwenye Android fungua fail meneja, ingia Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Voisi ziko folda ya WhatsApp Voice Notes, humo zimegawanywa kwa wiki, na zilizotumwa kama faili la kawaida ziko WhatsApp Audio. Majina ya hizo voisi yanaanza na PTT halafu tarehe, mfano PTT-20240115, yaani mwaka, mwezi, siku, kwa hiyo hata kama zimevurugika unajua ipi ilitangulia. Zikopi zote kwenye komputa, usizifute kwenye simu mpaka umemaliza kila kitu.

Kukonvati mimi natumia VLC, ni ya bure. Bonyeza Ctrl na R, ongeza faili zako, chagua profaili ya MP3, kisha ingia kwenye kile kialama cha spana uweke bitreti (kiasi cha data kwa sekunde) 64 kb/s na chaneli 1. Mtu anaongea tu hapigi taarabu, hiyo 64 inatosha kabisa, na saa zima linakuwa kama MB 29 hivi. Kadi ya GB 16 inameza masaa zaidi ya 500, sasa wewe unaenda kununua ya GB 128 ya nini? Mimi niliwahi kuuziwa flashi imeandikwa 64 kwa bei ya kutupa, ikajaza masomo vizuri tu, kuja kufungua nusu ya faili hazisomi, kumbe ukubwa wenyewe ni wa uongo. Siku hizi nikinunua naipima kwanza na programu inaitwa H2testw, inachukua muda lakini inakuambia ukweli.

Kadi yenyewe ifomati, yaani isafishe na kuipanga upya, kwa mfumo wa faili unaoitwa FAT32. Ikiwa exFAT au NTFS redio nyingi zitakwambia hakuna kadi. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, usije ukafuta picha za harusi ya watu.

Haya, sasa jambo ambalo linawasumbua wengi, mpangilio. Redio hizi nyingi haziangalii jina la faili, zinafuata lipi liliingia kwanza kwenye kadi, ndo maana unasikia somo la 7 halafu la 2. Na zile zinazoangalia jina nazo zinaweza kuweka 10 kabla ya 2. Dawa ni mbili kwa pamoja, zipe majina 001, 002, 003 mpaka mwisho, halafu zikopi moja moja kwa kufuata hizo namba, kwenye kadi iliyofomatiwa upya. Kama ni mengi gawa folda za faili kumi kumi. Ukimaliza bonyeza Eject ndo uchomoe, usinyofoe tu.

Wa CD, maana kuna magari bado yana deki ya zamani. Nunua CD-R, achana na CD-RW, deki nyingi za zamani zinazikataa. Ukibani (yaani ukiandika faili kwenye CD kwa komputa) kama odio CD itacheza karibu deki yoyote lakini unapata dakika 80 tu, ukibani kama data CD yenye MP3 za 64 unapata karibu masaa 24 ndani ya zile MB 700, ila lazima deki iwe imeandikwa MP3 usoni, kaangalie kwanza. Windows ikikuuliza unataka itumike kama flashi au kwenye CD pleya, chagua CD pleya. Spidi shusha iwe 8 au 16, deki kuukuu zinapenda CD iliyobaniwa polepole. Na juu yake andika kwa makapeni laini, sio Bic, ile ncha inakwaruza na upande huo wa maandishi ndo data ilipo karibu.