Kumaliza riwaya ya kwanza na kuuandaa mswada kwa ajili ya mchapishaji

Waandishi wengi chipukizi wanaoniletea kazi zao hapa Iringa huniletea sura tatu. Sura hizo huwa zimesuguliwa mpaka zikang'aa, na ile ya kwanza imeandikwa upya mara saba au nane, lakini nikiulizia sura ya nne naambiwa kwamba bado, kwa sababu mwandishi hajaridhika na namna mhusika wake mkuu anavyoteremka kwenye basi pale Ipogolo. Wote nawaambia jambo moja: andika mpaka mwisho kabla hujarudi mwanzo. Mwandishi wa riwaya ya kwanza huwa hajaijua hadithi yake sawasawa mpaka aifikishe mwisho, na mara nyingi akifika huko hugundua kwamba hadithi ilipaswa kuanzia sura ya tatu, hivyo miezi yote aliyoitumia kuipamba ile safari ya basi inakuwa imekwenda bure.

Hesabu yake haitishi. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, utakuwa na maneno 1,500 kila wiki na maneno 60,000 baada ya wiki 40, na hiyo ni riwaya kamili. Anayeanza mvua zinapofungua mwezi Novemba atamaliza Agosti, baridi ya Juni na Julai ikiwa imekwisha kumkakamaza vidole. Maneno 300 ni kazi ya saa moja ya alfajiri kabla ya kwenda shambani, dukani au darasani, mradi saa hiyo iwe ileile kila siku na watu wa nyumbani waijue.

Njiani utaona makosa, na kishawishi cha kurudi nyuma kitakuwa kikubwa. Weka daftari dogo pembeni, ambalo mimi huliita daftari la madeni, na kila kosa uliandike humo kwa mstari mmoja: "Sura ya 2: mjomba awe fundi cherehani, si dereva." "Sura ya 5: barua aliipata lini?" Kisha endelea mbele kana kwamba mjomba amekuwa fundi cherehani tangu mwanzo. Deni lililoandikwa halisumbui usingizi, na siku ya kuyalipa yote itafika.

Siku hiyo isiwe kesho yake. Ukishaandika sentensi ya mwisho, uweke mswada kabatini kwa wiki nne hadi sita bila kuusoma, maana anayesoma kazi iliyo bado ya moto husoma alichokusudia kuandika, si kile kilichomo kwenye karatasi. Ukiurudia, anza na mambo makubwa: mfuatano wa matukio, umri wa wahusika na majira ya mwaka. Chora kalenda ya riwaya yako na uweke kila tukio katika mwezi wake. Kijana mmoja niliyemsaidia alikuwa na sura nzuri sana ya matanga huko Mufindi, ambamo wazee wanakunywa ulanzi mtogwa, yaani pombe ya mianzi ikiwa bado tamu, imetoka kugemwa, lakini mazishi yenyewe aliyaweka mwezi Septemba. Mianzi hugemwa wakati wa mvua, na hakuna msomaji wa Mafinga ambaye angeupita ukurasa ule bila kusita. Mwingine aliandika kwamba mhusika wake alipanda mahindi Njombe wakati wa vuli, ilhali huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, na neno hilo alilitoa kwenye vitabu vya shule. Makosa ya namna hii ni madogo, lakini yanamfanya msomaji aache kukuamini hata pale unaposema kweli.

Baada ya hapo isome kazi yote kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa inachukua siku nyingi na watu wa nyumbani wanashangaa. Sikio hukamata kile ambacho jicho limekwisha kuzoea. Chukua sentensi hii: "Sekela alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu mama yake alikuwa amefariki na alikuwa akikumbuka mambo yote mazuri ambayo mama yake alikuwa akimfanyia." Ukiisoma kimya inapita. Ukiisoma kwa sauti unasikia "alikuwa" mara nne, na unasikia pia kwamba umeambiwa habari ya huzuni bila kuiona. Baada ya kuifanyia kazi kwa siku mbili, mwenye sentensi hiyo alirudi na hii: "Sekela aliianua kanga ya mama yake. Ilikuwa imekauka tangu siku ya mazishi, na hakuna aliyethubutu kuigusa." Neno huzuni limeondoka, na huzuni yenyewe imeingia.

Maneno ya lugha za nyumbani huwapa waandishi wa huku mashaka mengi, kwani wanaogopa kwamba mhariri wa Dar es Salaam hatayaelewa. Yaache, lakini yasimame penye mazungumzo yanayoyafafanua, bila mabano na bila orodha ya maana mwishoni mwa kitabu. Mzee akisema "Kamwene" na mgeni akajibu "Nzuri", kisha watu wote kibarazani wakatazamana, msomaji wa Pemba ameshaelewa kwamba hiyo ni salamu na kwamba mgeni si mtu wa huku. Kinachotakiwa kurekebishwa ni kosa la tahajia linalotokana na matamshi. Wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini tumekulia katika lugha ambazo haziitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, hivyo mahali hugeuka mahari, kalamu hugeuka karamu, na watu wanakwenda kupiga kula. Kompyuta haitakusaidia hapo, kwa kuwa yote ni maneno halali. Keti na Kamusi Kuu ya Kiswahili iliyotolewa na BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, au na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kisha umwombe mtu mwenye jicho kali, tena asiye ndugu yako, asome akiwa na kalamu mkononi.

Kuhusu sura ya nje ya mswada sina mengi. Tumia karatasi ya A4, herufi za kawaida kama Times New Roman zenye ukubwa wa 12, nafasi ya mistari miwili, na pambizo ya sentimita 2.5 pande zote. Kila sura ianze ukurasa mpya, kurasa zote ziwe na namba, na jina lako pamoja na la riwaya yaonekane juu ya kila ukurasa. Usiweke picha, rangi wala jalada ulilobuniwa na rafiki. Jambo la nakala, hata hivyo, nalisema kwa uchungu. Nilipoteza sura nne za riwaya yangu ya kwanza kwa sababu zilikuwa kwenye flashi moja tu, nayo ikafa siku niliyoichomeka kwenye kompyuta ya duka la kuchapa. Kila Jumamosi jitumie mswada wako kwa barua pepe, na jina la faili liwe na tarehe, ili ujue toleo lipi ni jipya.

Kabla hujapeleka popote, mtofautishe mchapishaji na mpigachapa. Mpigachapa unamlipa akutolee nakala, kisha nakala unazibeba na kuziuza mwenyewe. Mchapishaji anaposaini mkataba nawe hubeba gharama za uhariri, uchapaji na usambazaji, nawe hulipwa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Njia zote mbili ni halali, lakini nimewaona watu waliouza mazao ya msimu mzima wakidhani wamepata mchapishaji, kumbe wamelipia uchapaji tu. Soma pia vitabu vya mchapishaji unayemlenga, maana mwenye kuchapisha vitabu vya kiada peke yake hatabadili kazi yake kwa ajili yako.

Mwandishi wa Kiswahili kwa kawaida hana wakala, hivyo hupeleka kazi mwenyewe. Andaa barua ya ukurasa mmoja, muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili, na sura tatu za mwanzo, isipokuwa kama mchapishaji ametaka mswada wote. Barua ianze na kazi yenyewe: "Nawasilisha mswada wa riwaya yenye maneno 62,000, inayomhusu mjane wa Rungwe anayegombea shamba la chai na shemeji zake." Kisha jieleze kwa aya moja. Muhtasari useme hadithi yote pamoja na mwisho wake. Mhariri anataka kujua kama umeweza kuifunga hadithi, na ukimwachia fumbo ataona umemficha udhaifu.

Wapo wanaosita kutuma kwa kuogopa kuibiwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ni yako tangu kazi inapoandikwa, nayo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Ukitaka uthibitisho zaidi, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ukiletewa mkataba, usome kwa utulivu na uangalie unatoa haki zipi, kwa muda gani, na kama haki za filamu na tafsiri zimo.

Njia nyingine ni mashindano. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, hasa yale ya urefu na ya namna ya kuwasilisha, na uyafuate hata kama yanapingana na nilivyoeleza hapa.

Ukishatuma, fungua ukurasa mpya kwenye lile daftari la madeni na uandike tarehe, jina la uliyempelekea na kile ulichopeleka. Ukipeleka kwa wachapishaji wawili kwa wakati mmoja, waambie wote wawili. Majibu huchukua miezi, na ukimya haumaanishi kukataliwa. Miezi mitatu ikipita, andika barua fupi ya heshima yenye jina la riwaya na tarehe uliyoituma, uulize kama mswada ulifika na kama bado unasomwa.