Namna ya Kujijenga Kuwa Mpiga Tromboni na Mtunzi Ukiwa Tanga

Kijana anayetaka kuishi kwa tromboni, akipiga jazi na muziki wa klasiki na hatimaye kutunga kazi zake mwenyewe, aanze na kundi la matarumbeta, lile linalopanda kirikuu kila mwisho wa wiki kumsindikiza bibi harusi kutoka Ngamiani hadi Raskazone. Omba kuingia humo hata kama mwanzoni utapewa ngoma ubebe, kwa kuwa ndimo utakamopata ala ya kuazima, wakubwa wa kukusahihisha na watu wa kuwapigia. Ukikubaliwa, simama nyuma kabisa ya gari ili mkono wako unapovuta bomba la ala usimgonge mwenzako. Wapiga tromboni wa mji wa New Orleans, Marekani, akiwemo Kid Ory, walikaa nyuma ya mikokoteni kwa sababu hiyo hiyo, na mtindo wao wa kupiga ukapata jina kutokana na nafasi hiyo.

Tromboni ya kawaida haina vitufe vya kubonyeza. Ina bomba linalovutwa, yaani slaidi, lenye nafasi 7, na kila nafasi hushusha sauti kwa nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti. Hakuna alama inayoonyesha nafasi hizo zilipo, na umbali kati yake huongezeka kadiri mkono unavyokwenda mbali, kwa hiyo mwamuzi ni sikio. Kila siku, kabla ya wimbo wowote, piga sauti ndefu kwa dakika 20. Shika B-flati iliyo juu kidogo ya mistari ya ufunguo wa besi (alama ya noti za sauti nzito) katika nafasi ya 1, iimbe kwa kinywa, kisha itafute katika nafasi ya 5, ambako noti hiyo hiyo hupatikana ikiwa imelegea kidogo. Vuta mkono ndani taratibu mpaka zifanane. Zoezi hili linachosha, lakini ndilo litakalokuokoa siku ya wimbo wa kasi, utakapohitaji njia fupi ya mkono. Mwezi wa Ramadhani, harusi zinaposimama, ndio wakati mzuri wa kazi hii. Anayefunga aifanye baada ya tarawehe, maana midomo mikavu haitoi sauti.

Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Osha ala kwa maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto yakabandua rangi, ikaushe, kisha paka slaidi mafuta yake, wala usijaribu ya kupikia. Tena usiiegemeze ukutani. Mimi niliegemeza yangu kwenye harusi moja nikaenda kupokea sahani ya pilau. Niliporudi mtoto alikuwa ameiangusha, na mkunjo mdogo ambao hata macho hayakuuona ulilikwamisha bomba kwa wiki tatu.

Waliokulia kwenye kwaya wanasoma solfa (do, re, mi), na hiyo ni akiba kubwa ya sikio. Hata hivyo, bila noti za mistari mitano mlango wa okestra haufunguki. Chukua wimbo wa kwaya unaoujua kwa moyo, uandike upya kwa ufunguo wa besi, kisha ujifunze pia ufunguo wa sauti ya tena (tenor). Ukishaweza, tafuta konseto (kazi ya ala moja ikisindikizwa na okestra) ya Ferdinand David ya mwaka 1837, ambayo waamuzi wa majaribio ya okestra huiomba mara kwa mara. Jifunze pia kungoja: katika Simfonia ya Tano ya Beethoven tromboni hazipigi hata noti moja hadi sehemu ya mwisho, na atakayepoteza hesabu ya vipimo, yaani mafungu ya mapigo ya muziki, ataumbuka mbele ya watu.

Kwa jazi, msikilize J. J. Johnson, aliyeonyesha kwamba slaidi inaweza kukimbia pamoja na saksafoni, na Jonas Gwangwa wa Afrika Kusini, mpigaji na mtunzi aliyekuwemo katika kundi la Jazz Epistles pamoja na Hugh Masekela. Chagua vipimo 8 tu, uviimbe mpaka viingie damuni, ndipo uvitafute kwenye ala. Anayeanza na ala kabla ya kuimba hunakili mkono wa mtu na kuacha maneno yake.

Kutunga kusisubiri cheti. Andika vipimo 16 kwa tarumbeta mbili, tromboni na ngoma, juu ya mwendo wa chakacha, uwape wenzako, na Jumamosi utaisikia kazi yako ikipigwa barabarani, bahati ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vikubwa hawana. Kumbuka mipaka ya ala: sauti ya kuteleza haiwezi kupita hatua 6 za nusu toni kwa mvuto mmoja, na mtunzi anayeagiza zaidi hugundulika papo hapo kwamba hajawahi kuishika tromboni.

Kwa masomo rasmi, ulizia TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni iliyoko Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, au Dhow Countries Music Academy ya Unguja; uliza kwanza kama wana mwalimu wa ala za shaba mwaka huo. Kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hazijaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ukitakiwa kutuma rekodi ya majaribio, irekodi alfajiri katika chumba chenye mapazia na godoro ukutani, uzime feni, na uipige yote kwa mkupuo mmoja bila kukatakata.